Pima Mzigo, Usipime Nchi

Ujumbe ulioletwa wiki hii unauliza kama Tanzania ni salama kwa mtaji wa kigeni kwenye madini. Swali likiulizwa hivyo halijibiki, na anayeipa nchi alama moja hadi kumi anakuuzia karatasi.

Tazama Machi 2017. Serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini ambao haujayeyushwa, yasisafirishwe kwenda kuyeyushwa nje, na kontena 277 zikakwama bandari ya Dar es Salaam. Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu, ilikuwa na migodi mitatu. Bulyanhulu na Buzwagi ilitegemea kuuza makinikia; North Mara ilitoa mikuo ya dhahabu. Kampuni ile ile, serikali ile ile, lakini zuio halikuigusa North Mara, na Bulyanhulu ilipofika Septemba ikatangaza kupunguza shughuli.

Kwa hiyo chora njia ya mzigo wako, kuanzia shimoni mpaka gawio liingie benki ya mwenye mtaji. Kila panapotakiwa saini, andika nani anasaini, kwa sheria ipi, na kama kifungu hicho hubadilishwa bungeni au kwa kanuni za waziri. Wengi husoma sheria wakaziacha kanuni. Sheria ya Julai 2017 iliondoa leseni za kuhodhi maeneo, yaani kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kuchimba. Kanuni za Januari 2018 ndizo zilizofuta zile zilizokwisha kutolewa. Wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, ambao leseni yao ilifutwa hivyo, walishinda kwenye usuluhishi Julai 2023, zaidi ya dola milioni 109. Haki ipo, ila ilichukua miaka mitano na nusu. Je, mtaji wako unaweza kusubiri hivyo?

Halafu ingiza hatari kwenye hesabu. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya serikali kwa madini yanayochimbwa, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hutozwa kwenye thamani ya mauzo, si kwenye faida. Ukiuza dola 1,000,000 na faida yako ni 100,000, nyongeza hizo za jumla ya asilimia 3 zinaondoka na 30,000, karibu theluthi ya faida. Jaribu pia miezi sita bila kusafirisha chochote huku mishahara na dizeli vinalipwa. Mradi usiohimili hesabu hiyo usiusaini, nakusihi.

Mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya nchi mbili nao usomwe tarehe. Ule wa Tanzania na Uholanzi ulikoma Aprili 2019. Tafuta kifungu kinachosema waliowekeza kabla ya kukoma wanalindwa kwa miaka mingapi. Kuhamisha hisa kwenda nchi yenye mkataba mzuri baada ya mgogoro kuanza kunukia hakusaidii, wasuluhishi hulikataa dai la namna hiyo.

Bima ya hatari za kisiasa ipo: MIGA ya Benki ya Dunia, na ATIDI, shirika la bima la nchi za Afrika lenye makao Nairobi. MIGA hulinda hadi asilimia 90 ya mtaji wa hisa dhidi ya kutaifishwa, vita na kuzuiwa kutoa fedha. Kwa kubadilika kwa mrabaha peke yake usitegemee kulipwa. Na ombi la MIGA lipelekwe kabla mtaji haujawekwa. Ukishamwaga fedha, umechelewa.