Asilimia 80 ya udugu haimaanishi DNA imekataa

Mkuu mleta mada, uzi wako nimeusomea kwenye daladala ya Mbagala mpaka nikapitiliza kituo, maana haya yametupata na sisi. Umesema mzee katangulia, binti kajitokeza kwenye mirathi anadai ni wa kwake, mkapimwa wewe na yeye, majibu yakaja asilimia 80. Baba yako mdogo akasimama kikaoni: "DNA ya kweli ni 99.99, chini ya hapo ni mtu baki."

Mzee wa watu kachanganya vipimo viwili. Hiyo 99.99 ni ya baba mwenyewe akipimwa na mtoto. Kwenye kila alama inayosomwa (yaani sehemu fulani ya DNA), mtoto ana nakala mbili, na moja lazima iwe ya baba yake. Katika alama 20, zikigoma (zisipolingana) nne au tano, huyo siye. Ikigoma moja hawakatai hapohapo, kwa sababu vinasaba hubadilika mara mojamoja vikirithiwa.

Ndugu wa baba mmoja ni habari nyingine. Mzee alikuwa na nakala mbili za kila alama. Wewe alikupa moja, binti akampa moja, kama kurusha shilingi. Mnaweza kupishana nusu ya alama na bado mkawa damu moja. Ndiyo maana maabara hailinganishi kwa macho, inauliza: majibu haya yangetarajiwa mara ngapi zaidi kama hawa ni ndugu, kuliko kama ni watu baki? Jibu lake ndilo linaitwa uwiano.

Chukua alama moja ambayo nakala mliyopewa na baba kila mmoja inajulikana. Ikiwa ni ileile, na hapa kwetu inapatikana kwenye nakala 10 kati ya 100, uwiano ni 5.5 kwa upande wa udugu. Ikiwa ni adimu, 2 kati ya 100, unaruka hadi 25.5. Ikiwa imezagaa, 30 kati ya 100, ni kama 2.2 tu. Ni sawa na watu wawili kukutana Kariakoo wote wanaitwa Juma, nani atashangaa? Mkipishana, uwiano ni 0.5, yaani hesabu inakatwa nusu, haifutwi. Kisha alama zote zinazidishwa.

Sasa rudi kwenye 80 yako. Kama kabla ya kupima maabara walianzia na imani ya nusu kwa nusu kwamba ni ndugu, kama ilivyozoeleka tangu kanuni ya Essen-Möller ya 1938 ya kukokotoa ubaba, basi uwiano wenu ni 4, maana 4 (za udugu) ukigawa kwa 5 (hizo 4 na 1 ya mtu baki) unapata 0.8. Yaani majibu yanauelekea udugu mara nne, japo kwa unyonge. Na hiyo nusu ya kuanzia haikutoka kwenye damu ya mtu, ni makubaliano tu. Anayeanza na imani ya asilimia 10, kwa uwiano huohuo wa 4 anaishia kama 31. Kwa hiyo kwenye karatasi tafuta uwiano kwanza, asilimia baadaye.

Sisi tulipata 75. Mimi na dada aliyejitokeza, uwiano 3, ukoo ukagawanyika msibani kabla hata ya arobaini. Kosa letu ni kwamba tulipima watu wawili tu. Mama yangu yupo, mama yake yupo, hakuna aliyetuambia nao watoe mate. Mama akipimwa, nakala yake inaondolewa, inabaki ya baba peke yake, na hesabu inapata nguvu.

Kilichotuokoa ni dada yangu wa baba na mama mmoja. Mwanaume ana kromosomu X (mojawapo ya mafungu ya DNA) moja tu, na kila binti yake anapewa hiyohiyo. Mabinti wawili wa baba mmoja lazima washiriki nakala kwenye kila alama ya X. Mimi mwanaume, X yangu ni ya mama, sikufaa kitu. Dada yangu na yule aliyejitokeza walipopimwa, hakuna alama hata moja iliyogoma. Umesema una dada, mpeleke.

Mambo mengine mawili. Uliza walitumia takwimu za watu wa wapi, kwa sababu nakala iliyo adimu Ulaya inaweza kuwa imejaa Temeke, na uwiano ukavimba bure. Pia hesabu inamlinganisha binti na mtu baki. Kama kuna minong'ono kwamba baba yake ni mmoja wa ndugu za mzee (wakati mwingine anayepiga kelele kikaoni ndiye), mtaalamu ajulishwe mapema, hesabu yake ni tofauti.

Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwenye maabara ya kupima DNA, usiende mkononi na kijiti cha pamba. Kuna sheria ya vinasaba ya 2009, ombi linapitia mahakamani, ustawi wa jamii au kwa wakili. Kwa kuwa mirathi yenu iko mahakamani, msimamizi aanzie huko.

Ukiipata ile karatasi, futa majina uweke hapa jedwali la alama tulipitie pamoja.