Kabla hujasema "kwa Kigiriki maana yake ni...", tuangalie neno moja la Baba Yetu

Nikiwa naongoza vipindi vya kujifunza Biblia kuna swali haliishi: mbona Wakatoliki wanasali "utupe leo mkate wetu wa kila siku" na sisi tunaosoma Union Version tuna "utupe leo riziki yetu", hilo la kila siku limeenda wapi? Basi mtu anafungua apu kwenye simu, anagusa neno, anakuta neno la Kigiriki epiousios, namba 1967 ya Strong's, ile orodha ya maneno ya Biblia yenye namba, maana "ya kila siku", mjadala umeisha.

Usiishie hapo ndugu yangu. Ile orodha ya Strong's ni ya mwaka 1890 na sanasana inakuonyesha Biblia ya Kiingereza ya King James ilitafsiri vipi, haikuelezi kwa nini. Mimi cha kwanza natafuta neno limetumika wapi kwingine. Na hapa ndo pagumu, maana Agano Jipya zima epiousios iko kwenye Baba Yetu tu, Mathayo 6:11 na Luka 11:3, basi. Origene, karne ya 3, aliyekuwa anaongea na kuandika Kigiriki, alisema wasomi hawalitumii na watu wa kawaida hawalitumii, inaonekana wenye Injili ndo wamelitunga. Mwaka 1889 ikachapishwa karatasi ya mafunjo kutoka Hawara huko Misri, orodha ya matumizi, wakaona kama neno limo, vitabu vingi vikainukuu, halafu karatasi yenyewe ikapotea miaka na miaka. Ilipopatikana Marekani, chuo cha Yale, wataalamu wakaisoma upya na mwaka 1999 wakaandika kwamba pale pameandikwa mafuta! Kwa hiyo ushahidi wa nje hatuna.

Watu wengi wakifika hapa wanakimbilia kulikata neno vipande. Epi ni "juu ya", ousia ni "asili", unganisha unapata mkate upitao asili. Yeronimo, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini zamani, alifanya hivyo kwa Mathayo, supersubstantialem, lakini neno hilohilo kwenye Luka akaliacha kuwa quotidianum, la kila siku. Wengi wamelihusisha na Ekaristi na siwabezi hata kidogo, ila kujenga fundisho zima juu ya vipande vya neno ni hatari, kwa sababu maana ya neno inatoka kwa wanaolitumia, vipande vinasaidia tu kukisia.

Mimi nikikwama hivi natafuta ndugu wa karibu wa neno. Yupo epiousa, yuko kwenye Matendo, mfano 16:11, Paulo na wenzake wametoka Troa na "siku iliyofuata" wakafika Neapoli. Na Yeronimo huyohuyo anasema kwenye Injili ya Waebrania, injili ya kale isiyokuwemo kwenye Biblia, mahali pa neno hili alikuta mahar, yaani kesho. Ndo maana naegemea "mkate wa siku inayokuja". Kuna mtu atasema mbona Mathayo 6 hiyohiyo, mstari wa 34, Yesu anasema msisumbukie ya kesho? Sioni ugomvi, ukishamwomba Baba ya kesho leo hii ndo unalala bila kusumbuka, na kibarua anayelipwa jioni analielewa ombi hili kuliko mimi, maana ile hela ya jioni ndo unga wa asubuhi watoto waamke wakute uji.

Na ile riziki ya Union Version, kwangu imekaa vizuri sana, ukisema riziki umeshasema chakula na umeshasema kile kinachokutosha, hata kama "kila siku" haionekani. Kwa hiyo kwenye kipindi msigombane nani kapunguza neno, someni Mathayo na Luka pamoja, maana Luka ana "siku kwa siku" yake kabisa kwa maneno mengine ya Kigiriki, halafu mfungue Kutoka 16 habari za mana, hapo mtakaa saa nzima na mtatoka na kitu.