Kusoma bila kukwama hakutoshi kwa darasa la tano

Hapana, dada, uliyeuliza kama mwanao wa darasa la tano yuko sawa katika Kiswahili kwa kuwa anasoma bila kukwama. Kusoma kwa sauti bila kukwama ni kazi ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), ya darasa la kwanza na la pili. Mtoto wa darasa la tano anatakiwa asome kifungu asichowahi kukiona, aseme wazo kuu, akifupishe kwa maneno yake na akisie maana ya neno geni kwa kuangalia yanayolizunguka. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, nawaona kila muhula. Nafundisha Kiswahili madarasa ya juu hapa Dodoma. Mtoto anasoma vizuri kabisa, lakini ukimuuliza "kwa nini mzee alikasirika?" anakusomea mstari mzima kutoka kwenye kitabu.

Kuna pia insha na barua (ya kirafiki na ya kiofisi), upatanisho wa kisarufi, kauli halisi na kauli ya taarifa, methali, nahau, na shairi: vina, mizani, beti. Mtihani wa darasa la saba wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) unagusa karibu yote hayo.

Mpime leo: mpe habari fupi ya gazetini, hata ya bei ya zabibu, aisome kimya, kisha afunge gazeti akueleze.

Ila kama nyumbani mnaongea Kigogo, mwache kwanza aeleze kwa Kigogo. Akieleza sawasawa, ufahamu anao, kilichopungua ni msamiati wa Kiswahili, na huo unaongezeka haraka akipata vitabu vya hadithi.