Chumba Hakiwezi Kuwa cha Mgeni na cha Mtoto kwa Wakati Mmoja

Binti yetu alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 4 tulipomhamishia katika chumba ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha wageni. Tulitandika shuka mpya zenye picha za ndege, tukabandika michoro yake ukutani, tukaamini kwamba kazi imekwisha. Usiku wa kwanza alisimama mlangoni akiwa ameukumbatia mto wake, akatazama ndani, kisha akaniuliza: "Mama, mgeni akija mimi nitalala wapi?"

Nilimjibu haraka kwamba hakuna mgeni anayekuja, lakini swali lile halikunitoka moyoni, kwa sababu alikuwa amekielewa chumba kile kuliko sisi wazazi wake. Kitanda cha watu wawili kilikuwa palepale, kabati lilikuwa limejaa mablanketi ya akiba na masanduku ya safari, na nguo zake zilikuwa zimepewa droo moja tu ya chini, kama za mtu aliyekuja kukaa siku mbili. Tulikuwa tumekifanya chumba hicho kuwa cha mtoto nusunusu, kwa kuogopa kwamba ndugu akifika tutaaibika, na mtoto akaona wazi kuwa yeye ndiye aliyepewa nafasi ya mgeni. Kwa wiki tatu alirudi kulala kwetu karibu kila usiku.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, mzazi aamue wageni watalala wapi tangu siku hiyo na kuendelea. Sisi tuliamua kununua godoro la kukunja la kutandikwa sebuleni, na kwa mgeni mzee au mgonjwa asiyeweza kulala chini, tunampisha chumba chetu sisi wenyewe. Baada ya uamuzi huo ndipo tulipothubutu kukitoa kile kitanda kikubwa, na chumba kikapata sakafu ya kuchezea ambayo hatukujua kwamba ipo.

Kuondoa vitu kulituchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, na singependa mtu aiharakishe hatua hii. Chumba cha wageni huwa ghala la nyumba nzima bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Tulitoa cherehani, feni mbovu na mafaili ya nyaraka, lakini kilichonishtua ni droo ndogo ya meza ya kando ya kitanda, ambayo hatukuwa tumeifungua kwa miaka kadhaa. Ndani yake mlikuwa na wembe, pini za nguo, vidonge vitatu vilivyosalia kwenye karatasi yake, na betri mbili ndogo za duara zinazofanana na sarafu. Betri za aina hiyo ni hatari kubwa, kwa kuwa mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu. Kila mfuko wa sanduku la safari na kila droo ikaguliwe kwa mkono, hadi pembeni kabisa, na kisichojulikana ni cha nani kisiachwe humo.

Chumba kikishakuwa kitupu, piga magoti katikati yake utazame kwa kimo cha mtoto. Mimi nilifanya hivyo nikaona soketi tatu ambazo zamani zilikuwa zimefichwa nyuma ya kitanda, na kamba ya pazia la kukunja iliyoning'inia kitanzi mbele ya uso wangu. Kitanzi kama hicho kinaweza kumnyonga mtoto katika muda wa dakika chache na bila kelele yoyote, hivyo tuliliondoa pazia lile tukaweka la kitambaa lisilo na kamba. Dirisha nalo linahitaji kizuizi kinacholifanya lisifunguke zaidi ya sentimita 10, lakini kiwe cha aina ambayo mtu mzima anaweza kukifungua haraka moto ukizuka. Wavu wa kuzuia wadudu usihesabiwe kuwa kizuizi, kwa sababu hauwezi kuhimili uzito wa mtoto anayeuegemea. Kitanda, kiti na sanduku la vitu vya kuchezea vikae mbali na dirisha, maana kwa mtoto vyote hivyo ni ngazi.

Kabati linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa wengi hudhani kitu kizito hakiwezi kuanguka. Asubuhi moja nilimkuta binti yetu amevuta droo tatu kwa mpigo na kuweka mguu kwenye ile ya chini ili afikie mwanasesere aliyekuwa juu ya kabati, nalo likawa limeanza kuinama mbele huku miguu yake ya nyuma ikiwa imeinuka kidogo kutoka sakafuni. Nililiwahi kwa mikono miwili. Droo zinapofunguliwa pamoja, uzito wote husogea mbele, na kabati ambalo watu wawili wanashindwa kulibeba humlalia mtoto kirahisi. Siku hiyohiyo mume wangu alilifunga ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, vilivyokazwa kwa skrubu kwenye sehemu ya juu ya mgongo wa kabati. Ukuta ukiwa wa matofali au zege, toboa kwa keekee uweke kwanza plagi za plastiki ndipo ukaze skrubu. Ukiwa wa mbao nyembamba au wa jasi, skrubu lazima iingie katika nguzo ya mbao iliyo nyuma yake, la sivyo itachomoka. Vitu vizito vipangwe droo za chini, na juu ya kabati pasiwekwe kitu ambacho mtoto anakipenda.

Kuhusu mlango, hatukuwa tumefikiria chochote, na tulilipia uzembe huo. Vyumba vya wageni mara nyingi huwa na ufunguo kwa ndani ili mgeni apate faragha, na binti yetu aliuzungusha akajifungia, kisha akashindwa kuurudisha. Alilia karibu nusu saa, hadi nilipolala sakafuni nikamwona kupitia upenyo wa chini na kumwomba kwa upole auchomoe ufunguo, aje alipo mdomo wangu, ausukume nje. Ukigeuza chumba, ufunguo wa ndani uondolewe siku ya kwanza kabisa.

Rangi ndiyo inayowafurahisha watu zaidi, lakini katika nyumba ya zamani ndiyo yenye hatari iliyojificha. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi. Kwa hiyo usiikwangue rangi ya zamani wala kuipiga msasa ikiwa kavu kabla haijapimwa, kwa kuwa vumbi lake ndilo linaloingia mdomoni na mapafuni. Kama ukuta ni salama, tumia rangi ya maji isiyo na harufu kali, uache madirisha wazi, na mtoto asilale humo mpaka harufu iishe. Sisi tulisubiri wiki nzima. Kuhusu rangi yenyewe, tulimpa kadi tatu ambazo sisi tumeshaziridhia, naye akachagua kijani hafifu. Uchaguzi huo mdogo ulimpa umiliki kuliko mapambo yote.

Kitanda kiwe kifupi kwenda juu, ili akianguka asiumie, na kiwe na kingo upande usiogusa ukuta. Ukifikiria kitanda cha ghorofa, cha juu hakimfai mtoto wa chini ya miaka 6. Anayeandaa chumba kwa ajili ya mtoto mchanga asiwe na haraka ya kumhamisha: ushauri wa madaktari wa watoto ni kwamba mtoto alale katika chumba cha wazazi, lakini kitandani kwake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya mwanzo. Kabla hajatimiza mwaka 1, kitanda chake kiwe na godoro gumu lililonyooka na shuka iliyobana vizuri, bila mto, bila blanketi, bila mwanasesere, na nafasi kati ya mbao za pembeni isizidi sentimita 6.

Taa ndogo yenye mwanga wa manjano hafifu inatosha, na swichi yake iwe mahali anapofikia akiwa amelala.

Baada ya kukiandaa upya tulimhamisha polepole. Kwanza alicheza humo mchana kwa siku kadhaa, kisha akalala usingizi wa mchana, na mwishoni ndipo tukaanza usiku, kwa saa ileile na hadithi ileile. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, hivyo uhamisho unaovuruga usiku kwa wiki nyingi unamchosha kweli, naye huonyesha uchovu huo kwa ukaidi ambao wazazi huudhania kuwa utundu. Kama kuna mdogo wake anayetarajiwa, mhamishe miezi kadhaa kabla, asije akadhani kwamba amefukuzwa ili mwingine apate nafasi.

Mama yangu mzazi alikuja kututembelea mwezi wa pili. Kwa mazoea aliburuta sanduku lake hadi mlango wa chumba alichokizoea, akaliona kabati fupi, zulia na ukuta wa kijani, akasimama. Kisha akaliweka sanduku chini na kusema, "Hodi." Binti yangu aliyekuwa amekaa sakafuni aliinua uso, akamtazama bibi yake kwa muda, akasogeza vitu vyake vya kuchezea pembeni, akajibu, "Karibu, bibi. Vua viatu."