Unga wa maganda ya mayai: kwa anayeanza kutengeneza bayodizeli

Mdogo wangu, ukipewa mradi wa bayodizeli, yaani kugeuza mafuta ya kula kwa methanoli yawe mafuta ya injini ya dizeli, na msimamizi akakwambia utumie kichocheo kigumu, yaani unga unaoharakisha kazi hiyo bila wenyewe kuyeyuka, siku hiyohiyo utajikuta kwa muuza chipsi mayai unaomba maganda. Sote tulianzia hapo. Arusha maganda hayana bei: acha ndoo asubuhi kwenye vibanda vya Kilombero, jioni utaikuta imejaa, na kachumbari juu yake. Osha, anika, saga, kisha choma kwenye tanuri la umeme, nyuzi joto 900 kwa saa tatu au nne. Unachotoa ni kalisi oksidi, yaani chokaa ambayo bado haijaonja maji. Ni kazi rahisi, na ndiyo iliyonipoteza miezi miwili.

Nilichoma unga wangu Ijumaa, nikaufunga kwenye mfuko wa nailoni, nikauweka karibu na dirisha. Ilikuwa masika, mvua haikatiki. Jumatatu nikaweka mafuta ya alizeti, methanoli na unga, nikakoroga saa tatu. Mafuta yalitoka vilevile yalivyoingia. Nikarudia. Nikabadilisha kiasi cha unga, nikabadilisha methanoli, mwisho nikayashuku mayai yenyewe nikahamia ya kienyeji. Fundi wa maabara alinitazama wiki nzima bila kusema neno, halafu akaniuliza: "Huo unga uliupima uzito leo, au unasoma uzito wa Ijumaa?" Gramu 20 za Ijumaa zilikuwa zimefika 23. Zile tatu zilikuwa maji na hewa ya ukaa. Chokaa ilikuwa imejizima yenyewe dirishani, nami nilikuwa nakoroga kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo mizani ndiyo rafiki yako kabla ya kifaa chochote cha bei mbaya. Ganda la yai karibu lote ni kalisi kabonati, na gramu 100 za kabonati zikiungua sawasawa hubaki gramu 56. Ukitoa gramu 70 tanurini, hujamaliza, rudisha. Ukipata 56 leo na 60 kesho, umeuacha wazi. Mimi sasa nauchota ungali na joto, nautia kwenye chupa kavu ya mfuniko wa kubana, na nachoma kiasi cha wiki moja tu. Uliolala unaweza kuuchoma upya, lakini usidanganyike na moto mdogo: maji hutoka mapema, hewa ya ukaa haitoki mpaka ukaribie nyuzi 800 na zaidi. Jiko la mkaa halitakufikisha huko kwa usawa, usipoteze mkaa wako.

Utauliza, kwa nini tusitumie kostiki soda kama watengeneza sabuni? Inafanya kazi, tena haraka. Lakini inayeyuka ndani ya methanoli, hairudi, na lazima uoshe bayodizeli kwa maji mengi kuitoa. Unga unauchuja na kuutumia tena. Angalau ndivyo unavyoandika kwenye pendekezo la mradi.

Sasa mafuta. Yale ya chipsi ni ya bei ndogo, wenye vibanda watakupa kwa furaha, lakini yamekaangiwa mpaka yamechoka. Mafuta yaliyochoka yana asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizojitenga, na asidi ikikutana na chokaa inazaa sabuni ya kalisi: ute mzito unaoziba karatasi ya kuchujia na kula unga wako. Pima asidi kwanza. Yeyusha mafuta kidogo kwenye pombe ya isopropili, tia matone ya fenolfthalini, kiashiria kinachobadilika rangi asidi ikiisha, dondoshea potasiamu haidroksidi mpaka rangi ya waridi ibaki. Ikitumika zaidi ya miligramu 2 za potasiamu haidroksidi kwa gramu ya mafuta, usiendelee. Changanya na mafuta mazuri, au yapitishe kwanza kwenye hatua ya asidi ya salfa na methanoli, kisha yakaushe, maana hatua hiyo yenyewe huzalisha maji. Hata mafuta mazuri nayapasha mpaka nyuzi 110, nangoja povu lote liishe ndipo nayapoza. Mbono wa kando ya mashamba mara nyingi una asidi nyingi, usiuanzie.

Kipimo cha kuanzia: mafuta gramu 100, methanoli mililita 55, unga gramu 4. Methanoli ni nyingi kuliko inayohitajika, makusudi, kwa sababu hapa kuna vitu vitatu visivyopendana: mafuta, methanoli na unga mkavu. Ukikoroga kivivu kila kimoja kitakaa kivyake. Tangulia kukoroga unga na methanoli peke yao robo saa, ndipo mafuta yaingie.

Halafu joto. Hili sikulikuta kwenye karatasi yoyote niliyosoma. Wengi wanaandika nyuzi 65, na wengi wao wanakaa usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu. Methanoli ambayo vitabu vinasema huchemka nyuzi 64.7, hapa huchemka kwenye 60 au 61. Moshi, walioko chini yetu, kama 62. Ukiweka 65 bila mrija wa kupoozea, methanoli yote inapaa na wewe unaivuta. Mimi naweka 58 na naongeza muda. Mvuke wake ni sumu, unapofusha, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Jiko lisiwe chumba kimoja nayo, na isikae hata dakika moja kwenye chupa ya soda.

Baada ya saa tatu chuja, acha itulie. Gliserini, ile inayobaki mafuta yakigeuka bayodizeli, itashuka chini, karibu gramu 10. Usifurahi bado. Chukua mililita 3 za ile ya juu, tia kwenye mililita 27 za methanoli, tikisa, ngoja nusu saa. Bayodizeli huyeyuka humo. Mafuta ambayo hayajageuka hayayeyuki, yanakaa chini. Kwa kipimo hiki nimeokoa pesa nyingi za kupeleka sampuli mbovu nje.

Na swali ambalo mtahini mzuri atakuuliza: una hakika kichocheo chako ni kigumu? Kalisi huyeyuka kidogo kidogo. Jaribu hivi: baada ya saa ya kwanza chuja unga wote mchanganyiko ungali moto, endelea kukoroga bila unga. Mafuta yakiendelea kugeuka kwa kasi ileile, kazi ilikuwa inafanywa na kalisi iliyoyeyuka, na hadithi yako ya kuutumia unga tena na tena ina mushkeli. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka kalisi na magnesi kwa pamoja zisizidi miligramu 5 kwa kilo, na bayodizeli ya chokaa isiyosafishwa hupita hapo kwa urahisi. Mimi naosha kwa maji yenye asidi ya sitriki kidogo, kisha nakausha. Ndiyo, ni kuosha kulekule tulikokukimbia kwenye kostiki, ila maji ni machache. Andika hivyo kwenye ripoti, usilifiche.

Jingine la Arusha: mafuta mengi ya chipsi ni ya mawese. Bayodizeli yake, Julai usiku, huganda kwenye dumu kama samli. Jenereta yetu iligoma asubuhi moja, fundi akafungua chujio akakuta nta nyeupe, akasema tumemtilia maziwa. Tangu hapo mawese nayafanyia kazi kuanzia Oktoba, na miezi ya baridi natumia alizeti.