Njia za baiskeli Moshi zisizo na magari

Mkuu, umeuliza pa kuendesha baiskeli Moshi bila kufukuzana na malori. Barabara ya Arusha achana nayo kabisa! Anzia msitu wa Rau, ni jirani tu na mjini, kivuli cha kutosha, ukitokeza kwenye mashamba ya mpunga unapita njia za vumbi unapishana na kina mama na majembe yao. Ukitaka vilima panda Uru kuelekea Materuni, ila mapafu yatajua lol. Upepo usijaze ukawa jiwe, mi tairi la upana wa milimita 40 naweka kama psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) na halidundi. Masika, Machi mpaka Mei, ule udongo mwekundu unanata mpaka tairi haizunguki, nilishabeba baiskeli begani kama mkungu wa ndizi. Beba tyubu ya akiba.