Shamba langu la Soga lilikaa sokoni mwaka mzima, kosa lilikuwa langu

Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024 nikajua sasa nimetoboa. Nina shamba upande wa Soga, Kibaha, reli hiyo inakopita, nililinunua kwa mzee mmoja kama ekari moja, hatua 70 kwa 70, tulipima kwa miguu mjumbe akishuhudia. Nikaweka bei ya ekari nzima, keshi, nikawapa madalali watatu nikakaa nasubiri simu.

Simu zilikuja aisee, ila swali ni lile lile, "limepimwa?", yaani mpima ardhi kalipima rasmi. Nikisema bado naambiwa poa ntakucheki, ndo imetoka hiyo. Madalali nao kila mmoja kaweka cha juu chake, kuna mteja alitajiwa bei tatu za shamba hilo hilo ndani ya wiki, akaona hapa kuna utapeli.

Nilichelewa kuelewa kwamba sishindani na jirani, nashindana na makampuni ya viwanja yanayomwambia mwalimu au bodaboda lipa kidogo kidogo miezi 12 na kimeshapimwa. Wenye hela ya ekari nzima mkononi ni wachache, na wakijua una shida wanakuminya mpaka basi.

Nikaita mpima mwenye leseni. Aibu ikaanzia hapo, maana ekari ni kama mita za mraba 4,047 na langu lilisoma 3,600, kumbe hatua za mzee zilikuwa fupi bwana! Bora nilijua mimi kabla ya mteja. Tukatoa njia, vikabaki viwanja saba vya mita 20 kwa 20. Mchoro wa viwanja ulipopitishwa nikatangaza vitatu tu kwanza, dalali mmoja, bei moja, kamisheni tumeandikishana. Status nikaweka video ya njia kutoka barabarani mpaka kwenye bikoni, yale mawe ya mipaka, na tope lake lote, maana atakayekuja masika akakuta tope hukumwambia, hata bei hataulizia.

Malipo nikakubali miezi sita, mkataba kwa wakili. Ila mmoja alikwama mwezi wa tatu na mkataba haukusema akikwama inakuwaje, tukabaki kutazamana. Hicho kipengele kiandike mapema, kabla hujapokea hata shilingi.

Na karatasi tunza. TRA, watu wa kodi, wanadai asilimia 10 ya faida, gharama ya kununua na kupima inatolewa kwanza, sasa mimi risiti ya mpima niliipoteza, nikamsumbua wiki mbili anipe nyingine.

Vimebaki viwili vya kule mteremkoni, hivyo sina haraka navyo.